Kwenda kongamano la hisabati au la nadharia ya kompyuta: mwongozo kamili, kuanzia ombi hadi ubaoni

Ukitaka kuwa kongamanoni Trieste, Italia, mwezi Julai, anza Septemba ya mwaka uliotangulia. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila mwanafunzi anayekuja kuniuliza habari za makongamano, na wengi hushtuka, maana tumezoea mikutano ambayo tangazo hubandikwa Jumatatu na watu hukusanyika Ijumaa.

Jambo la pili huchukua muda zaidi kukubalika: mtu haendi kongamano kusikiliza. Mihadhara mingi siku hizi hurekodiwa. Ya Simons Institute, taasisi ya nadharia ya kompyuta ya Berkeley, Marekani, na ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia na hisabati kilichoko Trieste, unaitazama ukiwa Mbeya au Bujumbura bila kulipa nauli. Unakwenda kwa sababu una swali lililokukwamia, mtu anayeweza kulikwamua yuko pale, ubao upo, naye ana nusu saa. Hatua zote zilizo hapa chini zinalitumikia swali hilo. Basi liandike kwanza kwenye karatasi, kwa sentensi moja au mbili. Kama bado huna swali, usijione mnyonge. Anza na shule za utafiti nitakazozitaja, kwa kuwa kazi yao ni kukufikisha kwenye swali.

Jua unakwenda mkutano wa aina gani

Hisabati na nadharia ya kompyuta ni ndugu, lakini mila zao za mikutano hazifanani, na kutolijua hilo kumewachelewesha watu kupanda vyeo.

Kwa wanahisabati, kazi huchapishwa kwenye jarida, na kongamano ni mahali pa kuieleza tu. Unatuma ikisiri ya nusu ukurasa, kamati inaitazama kama ina mashiko, unapewa dakika 20. Kwa watu wa nadharia ya kompyuta, kongamano lenyewe ndilo uchapishaji. Unatuma makala nzima yenye uthibitisho wote, wahakiki wanaipekua, na nyingi hukataliwa. Makubwa kuliko yote ni STOC, lililoanza 1969, na FOCS, ambalo mizizi yake inarudi 1960. Ulaya wana ICALP, lililofanyika kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1972. Stephen Cook alipotoa ile makala iliyozaa suala la P na NP (je, kila tatizo ambalo jibu lake hukaguliwa haraka linaweza pia kutatuliwa haraka?), mwaka 1971, aliitoa kwenye STOC huko Shaker Heights, Ohio, wala hakungoja jarida.

Kwa hiyo ukijaza fomu ya kupandishwa cheo chuoni kwako, ambatisha ukurasa mmoja wa kulieleza hili. Kamati yenye wanakemia na wanasheria inaweza kuihesabu makala yako ya ICALP kuwa ni karatasi ya mkutano tu. Eleza pia kwamba katika fani zote hizi mbili majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti, hivyo kuwa wa nne kati ya wanne hakumaanishi ulifanya kazi ndogo.

Kuna mikutano ambayo haiombwi, hualikwa. Oberwolfach, katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, imekuwapo tangu 1944 kwa ajili ya hisabati. Dagstuhl, katika jimbo la Saarland, ilianza 1990 kwa ajili ya sayansi ya kompyuta. Unafika huko kwa sababu mwandaaji ameisoma kazi yako. Pia kuna Kongamano la Kimataifa la Wanahisabati, ICM, ambalo kwa kawaida ni la kila miaka minne; la kwanza lilikuwa la Zürich mwaka 1897. Hapo ndipo David Hilbert, Paris 1900, alipotoa maswali yake yaliyoishughulisha karne nzima, na hapo ndipo hutolewa medali za Fields, tuzo kubwa ya wanahisabati vijana. Halijawahi kufanyika Afrika. Nenda ukipata nafasi, lakini usitarajie kukaa ubaoni na mtu. Maelfu ya watu hupitana kwenye korido, na yule unayemtafuta ana miadi kumi.

Kwa anayeanza, yaani mwanafunzi wa uzamili au mwaka wa kwanza wa uzamivu, ushauri wangu ni mmoja: shule ya utafiti. CIMPA, kituo cha hisabati kilichoanzishwa Nice, Ufaransa, mwaka 1978, huandaa shule za wiki moja hadi mbili katika nchi zinazoendelea, na humsaidia nauli mwanafunzi wa nchi jirani. ICTP ya Trieste ilianzishwa 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan aliyerudi kufundisha Lahore akakuta hana mtu wa kuzungumza naye juu ya kazi yake. Aliijenga ili mtu wa nchi kama zetu aende, akae na wenzake, kisha arudi nyumbani bila kulazimika kuhama. Shughuli zake nyingi hazina ada ya usajili. Hapa kwetu kuna EAUMP, mtandao ulioanza 2002 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ukaziunganisha idara za hisabati za Nairobi, Makerere, Dar es Salaam na jirani zao. Na Kigali kuna tawi la ICTP, EAIFR, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda tangu 2018, pamoja na AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati. Kwenda Kigali, Mtanzania, Mkenya au Mganda haombi viza, na ukiweza kupanda basi, panda basi.

Usiidharau shule ya Kigali kwa sababu haiko Ulaya. Kwa siku kumi mhadhiri yuleyule anakula nawe meza moja, anakusahihishia mazoezi, analijua jina lako. Huyo ndiye atakayekuandikia barua ya kwenda Ulaya.

Kabla sijaendelea, tahadhari. Utapokea barua pepe ya kukusifu, inayokuita profesa mashuhuri na kukualika uwe mzungumzaji mkuu, mradi ulipe dola mia kadhaa. Angalia mambo mawili. Je, mkutano huo unachanganya hisabati, uuguzi na kilimo cha umwagiliaji kwa siku mbili? Je, wale wanaotajwa kwenye kamati wameuandika mkutano huo kwenye kurasa zao wenyewe? Ukipata ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, futa barua. Namjua kijana aliyelipa kwa mkopo wa SACCO, akafika, akakuta chumba cha hoteli chenye watu tisa na hakuna hata mmoja wa fani yake.

Weka kalenda ukutani

Nadharia ya kompyuta ina majira kama kilimo. Kwa kawaida makala za STOC hupokelewa karibu na Novemba na kongamano huwa Juni. ICALP hupokea Februari, hufanyika Julai. FOCS hupokea Aprili, hufanyika karibu na Oktoba au Novemba. Kuna mengine mawili ya fani hiyohiyo: SODA hupokea Julai na ITCS hupokea Septemba, yote mawili hufanyika Januari. Ukikataliwa huku, sahihisha kwa kufuata maoni ya wahakiki, mlango wa pili uko miezi miwili au mitatu mbele. Makala nzuri nyingi zimezunguka hivyo, na wala si aibu.

Angalia saa ya mwisho. Tangazo likisema saa sita usiku «popote duniani», maana yake ni saa za upande wa mwisho kabisa wa dunia, saa kumi na tano nyuma yetu. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, mlango unafungwa kesho yake saa tisa alasiri. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, saa nane mchana. Lakini mengine hufuata saa za Marekani, kwa hiyo soma mstari ule mara mbili. Na tuma toleo la kwanza siku moja kabla. Mfumo unakuruhusu kubadilisha, umeme haukuulizi.

Andika ombi

Ombi la shule ya utafiti lina kitu kimoja kinacholiangusha au kuliinua: aya ya sababu zako. Wengi huandika, «Nimeipenda hisabati tangu utoto, na shule hii itaniongezea maarifa.» Ni kweli, lakini waombaji mia mbili wameandika hivyohivyo. Linganisha na hii (grafu hapa ni nukta zilizounganishwa kwa mistari, na majirani ni nukta zilizoungana):

«Tasnifu yangu inahusu kupaka rangi grafu zisizo na pembetatu. Nina uthibitisho kwa grafu ambazo kila nukta ina majirani wasiozidi watatu, lakini kwa wanne mbinu yangu inavunjika, kwa sababu siwezi kubadilisha rangi mahali pamoja bila kuharibu pengine. Kozi ya wiki ya pili, ya mbinu za bahati nasibu, inagusa kizuizi hicho hasa. Nikirudi nitaifundisha kwa wanafunzi sita wa semina yetu ya Alhamisi.»

Msomaji ameona swali, ameona ulipokwama, ameona umeisoma ratiba, na ameona kwamba faida haitaishia kwako. Usizidishe chumvi. Kama semina haipo, usiitaje; ianzishe kwanza.

Barua ya mdhamini nayo huharibika kwa haraka. Mpe msimamizi wako wiki nne, siyo siku nne. Mpelekee karatasi yenye jina la shule, tarehe ya mwisho, mahali barua inapotumwa, na mambo matatu ambayo yeye mwenyewe ameyaona kwako. Huko si kumfundisha kazi mkubwa. Ana wanafunzi kumi na wanane, na atakushukuru.

Kama unatuma makala

Hapa nasema na watu wa nadharia ya kompyuta. Kwenye makongamano makubwa, wahakiki hawalazimiki kusoma zaidi ya kurasa kumi hivi za mwanzo. Kurasa hizo basi zibebe mzigo wote: swali ni lipi, lilijulikanaje kabla yako, theoremu yako inasema nini, na wazo jipya la uthibitisho ni lipi. Uthibitisho kamili uje baadaye, lakini uwepo. Mengi siku hizi huhakiki bila kuona majina, kwa hiyo ondoa jina na shukrani. Kuweka makala arXiv, hazina ya wazi ya makala mtandaoni, kwa kawaida kunaruhusiwa.

Mpe rafiki asiye wa fani yako ndogo asome kurasa tatu za kwanza, kisha akueleze theoremu kwa mdomo. Akishindwa, ziandike upya.

Pesa

Zungumza habari za pesa mapema na wazi. Wengi wetu tunaona haya, tunasubiri tuulizwe, na fungu linakwisha. Kuna vitu vinne vya kuomba, na kila kimoja kina mlango wake: kusamehewa ada ya usajili, malazi, nauli, na posho ya chakula. Waandaaji wakishindwa nauli wanaweza kuweza malazi. STOC na FOCS huwa na fungu la wanafunzi. Umoja wa Kimataifa wa Hisabati, IMU, una tume ya nchi zinazoendelea yenye ruzuku za safari.

Kinachowaumiza watu ni neno «tutakurudishia». Kwa mwanafunzi wa Zürich, kulipa tiketi leo na kurudishiwa miezi miwili baadaye si kitu. Kwako ni ada ya mdogo wako. Andika hivi bila kuzunguka: sina uwezo wa kulipa tiketi kwanza, naomba mninunulie moja kwa moja. Mara nyingi wanaweza. Hawakujua tu kwamba ni tatizo. Nimeona nafasi ikipotea kwa sababu mtu aliona haya kuandika sentensi hiyo moja.

Viza

Sehemu hii ndiyo inayovunja safari nyingi kuliko kukataliwa kwa makala. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku kumi na tano kabla ya safari. Wewe omba miezi mitatu kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudi ukikataliwa. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Hakikisha kwanza kama ubalozi unaohusika uko nchini mwako au ni lazima uvuke mpaka, na kama miadi ipo. Miadi ndiyo huisha kabla ya kitu kingine chochote.

Barua ya mwaliko isome kama afisa atakavyoisoma. Jina liwe herufi kwa herufi kama la pasipoti. Ukiitwa Amina Juma Said kwenye pasipoti na Amina Said kwenye barua, omba nyingine leo. Itaje tarehe, mahali, kwamba unatoa mhadhara kama unautoa, na nani analipa nini. Kisha barua ya chuo chako iseme una kazi au masomo yanayokungoja na tarehe unayotakiwa kurudi. Taarifa ya benki isiwe na pesa iliyoingizwa yote wiki iliyopita, maana hilo ndilo la kwanza kutiliwa shaka. Waombe waandaaji waandike wazi kwamba gharama ni zao, halafu salio lako dogo halitakuwa na uzito mkubwa.

Ukinyimwa, wajulishe waandaaji siku hiyohiyo na uombe kuzungumza kwa video. Nafasi yako kwenye programu ni yako.

Andaa mhadhara

Dakika 20 zinatosha wazo moja. Kosa la kawaida ni kufungua kwa slaidi sita za tafsiri za istilahi. Anza na kitu ambacho kila mtu ukumbini anaweza kukishika kwa mkono. Tuseme kazi yako ni ya nambari za Ramsey, yaani idadi ya watu inayohitajika ili kundi la aina fulani lisikosekane. Fungua hivi:

Watu sita wamekaa mezani wakati wa chai. Nasema kuna watatu wanaojuana wote, au watatu ambao hakuna anayemjua mwenzake. Mchukue Asha. Wamebaki watano, kati yao ama anawajua angalau watatu, au hawajui angalau watatu. Tuseme anawajua Baraka, Chausiku na Daudi. Wawili wowote kati ya hao wakijuana, pamoja na Asha ni watatu. Wasipojuana hata wawili, basi wao wenyewe ndio watatu wasiojuana. Kisa cha kutowajua ni hivyohivyo kwa kugeuza.

Dakika mbili, na ukumbi mzima umeshaona uthibitisho. Sasa panda. Ukitaka wanne badala ya watatu, unahitaji watu 18. Ukitaka watano, jibu liko kati ya 43 na 46, na hakuna anayelijua. Hapo kila mtu ameinua kichwa. Ndipo useme kwamba mwaka 2023 Campos, Griffiths, Morris na Sahasrabudhe walishusha kikomo cha juu cha nambari hizi kwa kiasi ambacho hakikuwa kimepatikana tangu miaka ya 1930, na kwamba wewe umechukua hatua fulani ndogo kutoka hapo. Taja hatua yako kwa sentensi moja, onyesha wazo lake kwa mchoro, taja unapokwama, nyamaza.

Kusema unapokwama ni muhimu kuliko kuonyesha ulichomaliza. Ndiko kunakomleta mtu kwako wakati wa chai.

Fanya mazoezi ubaoni hata kama utatumia slaidi. Projekta hugoma, na mtu aliyezoea chaki hamalizi siku hiyo ameshindwa.

Ukishafika

Malezi yetu yanatufundisha kumwamkia mkubwa na kungoja aanze. Kwa profesa wangu wa nyumbani bado natoa shikamoo, na sitaiacha. Lakini kule, kijana anayengoja kuulizwa hudhaniwa hana la kusema. Mkubwa huitwa kwa jina lake la kwanza, na kumwendea na swali ndiyo heshima yenyewe, kwa sababu inaonyesha umeisoma kazi yake.

Oberwolfach wamelitengenezea jambo hili dawa. Kila mgeni ana mfuko mdogo wa leso ya mezani wenye jina lake. Kabla ya kila mlo mifuko hupangwa upya bila mpango, nawe unakaa mahali ulipoukuta wako. Hivyo mwanafunzi hujikuta ubavu kwa ubavu na mtu aliyemsoma vitabuni, wamepitishiana mkate kabla ya kupitishiana theoremu. Dagstuhl nao huwachanganya watu mezani kwa kadi za majina. Usibadilishe mahali pako ili ukae na mwenzako wa lugha moja.

Kwingine dawa hiyo unajitengenezea mwenyewe. Kabla ya kusafiri, chagua watu watatu, soma utangulizi wa makala moja ya kila mmoja, na uwaandikie wiki mbili kabla: nitakuwepo, nina swali kuhusu lema ya tatu, unaweza kunipa dakika kumi na tano Jumanne? Wengi hujibu ndiyo. Ukikutana naye, usianze na historia ya chuo chako. Chora grafu yako, onyesha mahali panapovunjika, mpe chaki. Akiishika, nyamaza uandike. Akisema neno usilolijua, muulize papo hapo. Ukitikisa kichwa tu, dakika kumi zinazofuata zimepotea.

Mambo madogo: kwenye fomu ya usajili jaza chakula usichokula, kwa sababu jikoni hawawezi kubahatisha halali. Beba koti hata mwezi Mei. Na usihudhurie kila mhadhara. Ukichoka, toka, ukae na karatasi ulizoandika asubuhi.

Ukirudi

Usiku uleule, ndani ya ndege, andika upya yale ya ubaoni kabla hayajafutika. Siku tatu zisipite bila kumwandikia yule uliyekaa naye: «Nilijaribu wazo lako kwa nukta zenye majirani wanne. Linafanya kazi isipokuwa kisa hiki,» na mchoro. Barua ya shukrani tupu hujibiwa kwa shukrani. Barua yenye kisa kilichogoma hujibiwa kwa hisabati.

Semina uliyoiahidi kwenye ombi lako iwekee tarehe kabla ya wiki mbili kwisha, na ufundishe wazo moja tu, lile lililokukwamua, kwa chaki. Fomu za kurudishiwa gharama zitume wiki hiyohiyo, pamoja na risiti zote na vipande vya pasi za kupandia ndege, vya kwenda na vya kurudi.